Mwenye ndege asiombwe sadaka, apewe mkataba

Ndugu Mhariri,

Assalaam aleikum. Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua. Kila masika yanapovunja nyumba, au upepo unapozuia boti za Pemba, barazani huzuka swali lile lile: mbona wenye ndege wanaochuma kwa watalii hawatoi ndege zao bure kuwasaidia wenzao? Anayeuliza ana nia njema, ila swali limekaa upande. Ndiyo maana kila mwaka jibu huwa ndege moja inayoruka na magunia kumi ya mchele, picha zikapigwa, watu wakapongezana, na mambo yakaishia hapo.

Sisi ni wapakiaji wa mizigo na waandaaji wa safari za ndege hapa Kisauni, kwenye uwanja wa ndege wa Unguja. Tunalotaka kusema ni moja: usafiri wa anga wa misaada duniani ni biashara, unaendeshwa na wafanyabiashara, na hufanya kazi pale tu bei, saa na masharti yalipoandikwa kabla ya maafa. Zanzibar ina ndege, marubani na mafundi. Kinachokosekana ni karatasi.

Zile ndege nyeupe zenye herufi UN ubavuni, wengi hudhani ni mali ya Umoja wa Mataifa. Huduma ya ndege za kibinadamu ya Umoja huo, UNHAS, husimamiwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani (WFP), na ndege zake hukodiwa kwa makampuni ya watu binafsi. Mwenye ndege huleta ndege, marubani, mafundi na bima. Anayekodi hulipia mafuta na ada za viwanja, na humhakikishia mwenzake idadi maalumu ya saa kwa mwezi. Ndege isiporuka saa hizo, hulipwa vile vile; ikizidisha, kila saa ya ziada ina bei yake. Hapo hakuna sadaka wala unyonyaji. Ni ijara ya kazi.

Na hivyo ndivyo ilivyokuwa tangu zamani. Freddie Laker, Mwingereza aliyekuja kujulikana kwa tiketi rahisi za kuvuka Atlantiki, alipata mtaji wake kwa ndege kuukuu. Alinunua ndege 12 za aina ya Halton zilizoachwa na BOAC, shirika la ndege la Uingereza la wakati ule, na Wasovieti walipoifungia Berlin njia za nchi kavu mwaka 1948, Uingereza ikawa inatafuta kila chenye bawa. Laker akaruka, akalipwa, akatajirika, na watu wa Berlin wakapata makaa ya mawe na unga. Daraja lile la anga lilipofungwa Septemba 1949 lilikuwa limepeleka zaidi ya tani milioni 2. Huku kwetu Afrika Mashariki, operesheni ya kuilisha Sudan ya Kusini iliyoanza mwaka 1989 iliufanya uwanja mdogo wa Lokichoggio, kaskazini ya Kenya, kuwa soko la makampuni ya ndege kutoka Nairobi. Baadhi ya makampuni yaliyokua kwa kazi ile yanaruka mpaka leo.

Sasa tuangalie kalenda. Msimu wa vimbunga kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi ni Novemba hadi Aprili, na mara nyengine hupitiliza mpaka Mei. Kimbunga Idai kiliingia Beira, Msumbiji, usiku wa kuamkia tarehe 15 Machi 2019. Kenneth kilipita Ngazija, Komoro, tarehe 24 Aprili mwaka huo huo, kesho yake kikaingia Cabo Delgado, Msumbiji. Hidaya kilifika Mafia tarehe 4 Mei 2024, wakati Rufiji na Kibiti zimeshafunikwa na mafuriko ya Aprili. Chido kiliivunja Mayotte tarehe 14 Disemba 2024, na siku ya pili kikawa Msumbiji. Asemaye vimbunga si vyetu akumbuke kwamba mikarafuu ya Unguja iling'olewa na kimbunga cha Aprili 1872, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, na ukuu wa karafuu ukahamia huko.

Miezi hiyo ukiitazama kwa jicho la mwenye ndege utaona jambo. Aprili na Mei hoteli nyingi hufunga, wageni hupungua, na Caravan, ndege ndogo za injini moja, zilizokuwa zikienda hifadhi za Serengeti na Nyerere alfajiri na jioni hulala uwanjani huku mkopo wa benki na bima vikiendelea kudai. Yaani ndege huwa hazina kazi katika majuma yale yale ambayo pwani hii huzihitaji zaidi. Disemba ni kinyume chake, kila kiti kimeuzwa. Mkataba wowote wenye akili utataja idadi ya ndege mwezi kwa mwezi: tuseme 3 kwa Aprili, 1 kwa Disemba.

Lakini ndege hizo zinaweza nini hasa? Hapa ndipo maneno mengi ya barazani huanguka. Cessna 208B Grand Caravan, ambayo ndiyo punda wa visiwa hivi, uzito wake wa juu wa kurukia ni kilo 3,970 hivi. Ikishatolewa viti vya abiria, yenyewe tupu hukaribia kilo 2,150. Kila ndege ina karatasi yake ya kupimwa, na viti vikitoka karatasi hiyo huandikwa upya, haikisiwi. Marubani wawili na vitu vyao, kilo 180. Zinabaki kilo 1,640 za kugawana mafuta na mzigo.

Mafia ni kilomita 195 kutoka Kisauni, kama dakika 40. Mafuta ya kwenda na kurudi, ya kukimbilia uwanja mwengine ikishindikana kutua, ya akiba ya nusu saa na ya kuzungukia ardhini, yote pamoja ni kama kilo 420. Mzigo ni kilo 1,220. Hiyo ni safari nzuri.

Uwanja wa Hahaya, Ngazija, ni kilomita 740, saa 2 na nusu. Kwenda tu ni kilo 400 za mafuta. Kukimbilia uwanja wa Ouani, kisiwa cha Nzuani, 80. Akiba ya nusu saa 80. Na 30 za ziada na za ardhini. Jumla 590, mzigo 1,050. Hesabu hiyo lakini inachukulia kwamba Hahaya utapata mafuta. Kimbunga kikiwa kimekata umeme na pampu zimesimama, itabidi ubebe na ya kurudia, kilo 400 nyengine. Matangi yanakaribia ukingo na mzigo unaanguka mpaka kilo 650, magunia 13 ya mchele kwa saa 5 za injini. Isitoshe, hiyo ni injini moja juu ya maji matupu. Kanuni za kimataifa zinaitaka ndege ya namna hii iwe na boti ya mpira ya kuokolea inapokuwa zaidi ya dakika 30 au kilomita 185 kutoka nchi kavu inapoweza kutua kwa dharura, na boti hiyo nayo ina kilo zake. Kwa rai yetu, Caravan isipelekwe Komoro kabisa. Iachiwe ATR, Dash 8 au nyengine yenye injini mbili. Caravan ibaki na Pemba, Mafia, Rufiji na viwanja vya nyasi vya bara ambako ATR haikanyagi.

Hata Pemba tuwe wakweli. Kuipeleka Wawi, uwanja wa Pemba, ndege iliyojaa mchele wakati meli inafunga gati Mkoani au Wete ni kuchoma pesa za mwenye kutoa, kwa sababu meli moja ya mizigo hubeba kwa safari moja kile ambacho Caravan ingekibeba kwa wiki nyingi. Ndege ni ya siku mbili tatu za mwanzo bahari ikiwa imechafuka, na ni ya vitu visivyoweza kungoja: damu, chanjo, dawa za maji ya mshipa, redio, betri, mafundi wa umeme na wa maji, na mgonjwa wa kurudishwa hospitali ya Mnazi Mmoja.

Jengine linalowashangaza watoaji misaada ni kwamba mara nyingi ndege hujaa kabla haijawa nzito. Chumba cha Caravan kina mita za ujazo 9 na nusu hivi, na sanduku la mizigo la chini ya tumbo 3 tu. Dumu gumu la lita 20 likiwa tupu halizidi sana kilo 1, ila linakula nafasi sawa na lililojaa. Madumu 300 yatakijaza chumba chote na mzani hautafika hata kilo 400. Hapo umesafirisha hewa. Lete madumu ya kukunja, na ndoo zilizoingizwa moja ndani ya mwenzake, vifuniko vyao vimefungwa mbali. Magodoro yasije kabisa. Turubai la mita 4 kwa 5 ni kama kilo 4 na hukunjika likawa dogo: hilo ndilo mzigo wa ndege. Na mlango wa mizigo ni sentimita 124 kwa 127, kwa hiyo jenereta au friji ya chanjo ipimwe ikiwa bado bohari. Ikishafika uwanjani na ikakwama mlangoni, hapatakuwa na mwenye saa ya kulijadili.

Gunia lililoandikwa kilo 50 likilowa mvua ya masika hufika 53, 54. Magunia 24 yenye ziada ya kilo 4 kila moja ni kilo 96: umepakia mtu mzima ambaye hayumo kwenye hati yoyote. Ndiyo sababu tunashikilia kwamba kila kitu kipite juu ya mzani, hata kilichokwisha pimwa bandarini, na mzani wenyewe uwe na muhuri wa wakala wa vipimo wa mwaka huo. Uzito wa karatasi ya mtoaji hatuuandiki.

Kupakia kuna utaratibu ambao mahamali wageni huukosea. Caravan ina magurudumu matatu, moja la mbele na mawili chini ya mabawa, na mlango wa mizigo uko nyuma ya mabawa. Ukirundika magunia pale mlangoni kwa sababu ndipo karibu, mkia unashuka na ndege inakaa kitako. Kwanza huwekwa nguzo ya kushikilia mkia, kisha mzigo mzito huanza mbele, nyuma ya wavu unaowakinga marubani, na kuja nyuma kidogo kidogo. Kushusha ni kinyume: cha nyuma hutoka kwanza. Sehemu ya mwisho kabisa ya mkiani haistahamili zaidi ya kilo 145, na hapo ndipo utakuta mtu amesukumia jenereta ili lisimsumbue. Kila safu hufungwa kwa mikanda iliyopitishwa kwenye reli za sakafu. Gunia la mchele ambalo halikufungwa, ndege ikipigwa na wingu, huwa halikai lilipowekwa, na mzigo ukihamia mkiani rubani anaweza asiweze tena kushusha pua.

Mizigo ya hatari ndiyo inayotutia hofu zaidi, kwa sababu katika kazi ya misaada huja imevaa nguo za wema. Klorini ya unga ya kutibia visima, ile yenye nguvu ya asilimia 65 hadi 70, namba yake ya Umoja wa Mataifa ni UN1748. Yenyewe haiwaki, lakini huulisha moto, na ikikutana na mafuta, grisi au vitambaa vichafu huweza kuwasha bila ya kiberiti. Watu huileta ndani ya kreti moja na pampu ya maji iliyotoka kazini na petroli yake tangini. Vitu hivyo havikai pamoja. Pampu na jenereta hukaushwa mafuta, klorini hubaki ndani ya pipa lake la asili lenye alama, na kila kimoja huja na tamko la msafirishaji lililotiwa saini. Betri za lithiamu zinazosafiri peke yake haziruhusiwi kama mzigo katika ndege ya abiria, na katika ndege ya mizigo chaji yake isizidi asilimia 30. Kuna la kisheria pia ambalo wenye ndege wengi huligundua wameshachelewa: cheti cha kampuni kutoka Mamlaka ya Usafiri wa Anga kinaweza kuwa cha abiria bila ya ruhusa ya mizigo ya hatari. Ruhusa hiyo huombwa, wafanyakazi hufundishwa, na mafunzo hurudiwa kila baada ya miezi 24. Haipatikani usiku wa kimbunga hata ukimjua nani.

Chanjo husafiri kati ya nyuzi 2 na 8. Hapa Zanzibar kila mtu huogopa joto, na ni kweli lami ya uwanjani saa saba mchana haina huruma. Lakini chanjo nyingi huharibiwa na baridi. Ya pepopunda, ya homa ya ini B na ya mchanganyiko wa watoto zikiganda zimekufa, hata zikiyeyuka na kuonekana nzima. Pakiti za barafu zikitolewa kwenye friji la kugandisha zisitiwe moja kwa moja katika sanduku. Huachwa nje mpaka ukizitikisa usikie maji yanacheza ndani. Sanduku liingie ndege ikiwa tayari kuwasha injini, lisikae nje kungoja hotuba ya mgeni rasmi.

Tumesema ndege hulala Aprili. Ndege iliyolala karibu na bahari haiko tayari, na hili mtu wa barazani hawezi kulijua. Chumvi ya hewani huingia kwenye injini na kugandia mapanga ya kushindilia hewa. Ikifika sehemu ya moto hukutana na salfa ya mafuta na kuyala mapanga ya turbini polepole. Dawa yake ni kuiosha kwa maji yasiyo na madini. Injini hupoa kwanza dakika 40 au zaidi, kisha huzungushwa kwa stata bila ya kuwashwa huku maji yakipulizwa ndani. Stata nayo ina mipaka: sekunde 30 za kuzungusha, sekunde 60 za kupumzika, mara tatu, baada ya hapo dakika 30 nzima. Fundi mwenye haraka akivuka mipaka hiyo huunguza stata, na ndege ya msaada inalala Kisauni ikisubiri kipuri. Ukikaa zaidi ya siku 7 bila ya kuruka, mtengenezaji wa injini ana masharti yake ya kuihifadhi, na hukaza zaidi baada ya siku 28: vifuniko kwenye matundu, vifuko vya kunyonya unyevu, kisha mafuta ya kuhifadhia.

Balaa kubwa zaidi ni betri. Ndege imekaa wiki tatu, simu ya dharura imelia saa kumi alfajiri, rubani anawasha. Volti hazifiki 24. Injini inazunguka polepole, hewa ni chache, mafuta yameshaingia, na joto linapanda. Ukomo wakati wa kuwasha ni nyuzi 1,090 kwa sekunde 2. Likizidi hapo, injini haina ruhusa ya kuruka mpaka ikaguliwe, na huenda ikatolewa kabisa kwenye ndege. Gharama yake inaweza kula faida ya msimu mzima. Mkataba unaomtaka mwenye ndege awe tayari ndani ya saa 6 ni lazima umlipe ili awe tayari kweli: kuruka angalau mara moja kwa wiki, kuosha, kuchaji, na fundi ambaye hakupewa likizo ya bila malipo.

Tunafika kwenye pesa. Injini ya Caravan hufanyiwa ukarabati mkubwa baada ya saa 3,600. Kwa wepesi wa hesabu tuseme ukarabati huo ni dola 360,000: kila saa inayorukwa inakula dola 100 za injini kabla hujataja mafuta, propela, matairi na mishahara. Mtu anaposema "tupe ndege yako bure saa 10, marubani wako wanalipwa mshahara hata hivyo," ameomba dola 1,000 za injini bila ya kujua. Mwenye ndege atatoa saa hizo mara moja kwa ajili ya jirani zake. Mara ya tatu atazima simu, na hatumlaumu.

Upande wa pili nao una maradhi yake. Pasipo bei iliyoandikwa, wapo wanaopandisha usiku ule ule wa maafa, na afisa wa misaada mwenye watu juu ya mapaa hana la kufanya ila kukubali. Mkataba humfunga huyu pia.

Mkataba wa kusubiri si kitu kigumu. Kuna ada ndogo ya mwezi kwa miezi ya Machi, Aprili na Mei, ya kuiweka ndege na watu wake tayari. Kuna bei ya saa ya kuruka, bila ya mafuta, na mafuta yanalipwa kwa risiti ya siku hiyo. Kuna kima cha chini cha saa kwa kila wito. Bila ya hicho, kutoa viti, kufunga nyavu na kupima upya ni nusu siku ya kazi isiyolipwa kwa safari ya dakika 80. Iandikwe nani analipa ndege ikicheleweshwa uwanjani kwa mzigo usiofika, bima inafunika viwanja gani, na kwamba uamuzi wa kutoruka ni wa rubani peke yake, si wa mkuu yeyote aliyesimama pale. Malipo ya awali ya mafuta yasisahauliwe. Mashirika mengi hulipa baada ya ankara kupita meza kadhaa, wakati muuza mafuta hutaka pesa leo. Kampuni yenye ndege 3 na isiyo na akiba benki inaweza kufilisika huku inadai pesa nyingi za misaada.

Mwenye kutaka kufika mbali zaidi, mpaka kwenye orodha ya UNHAS, ajue kwamba hukaguliwa kwanza: cheti, vitabu vya matengenezo, saa za marubani, utaratibu wake wa usalama. Umoja wa Mataifa una viwango vyake vya anga vinavyotumika kwa ndege za amani na za misaada pamoja, na ni vikali kuliko vinavyohitajika kumpeleka mtalii Serengeti kwa mapumziko. Ni kazi ya miezi. Inafaa ianze sasa.

Neno kuhusu mafuta ya mapipa, kwa sababu viwanja vya mafuriko havina matangi. Pipa la lita 200 la Jet A-1 ni kilo 160 za mafuta, na pamoja na chuma chake hukaribia 180. Huhifadhiwa limelazwa, vizibo viwili vikiwa usawa mmoja, kulia na kushoto, mafuta yakiwa yamevifunika kwa ndani ili visinyonye maji ya mvua. Kabla ya kutumiwa husimamishwa na kuachwa yatulie, saa 3 kwa kila mita ya kina. Bomba la pampu lisifike chini kabisa. Vidole vitatu vya mwisho wa pipa ni vya maji na kutu. Chukua sampuli katika chupa nyeupe, ipime kwa kidonge cha kugundulia maji, na kikigeuka kijani pipa hilo si la ndege tena, mpe mwenye trekta. Waya wa kutuliza umeme uunganishe pipa, pampu na ndege kabla ya tone la kwanza.

La mwisho ni makaratasi, na hapa Pemba yetu ina tatizo lake peke yake. Kuna Pemba ya Tanzania na Pemba ya Cabo Delgado, Msumbiji, nayo pia ni mji wa kupitishia misaada. Umbali kati yao unazidi kilomita 850. Shehena iliyotoka kwenye bohari kubwa za misaada za Dubai au Brindisi ikiwa imeandikwa "Pemba" tu ina nafasi nzuri ya kwenda kusiko. Kila sanduku liandikwe alama ya uwanja: PMA ni ya kwetu, POL ni ya Msumbiji. Marubani nao waandike HTPE au FQPB kwenye mpango wa safari. Mzigo wa kwenda Msumbiji uwe na orodha yake kwa Kireno, wa Komoro kwa Kifaransa, na barua ya msamaha wa ushuru itangulie kabla ya ndege, isiwe mkononi mwa rubani. Dawa ziwe na angalau mwaka mmoja wa uhai zinapofika, kama Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza. Zilizobakisha miezi mitatu ni mzigo wa kuchoma moto, na kuzichoma pia kuna gharama.

Tunaiomba Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa iwaite wenye ndege wa Unguja mezani kabla ya Disemba, pamoja na mamlaka ya viwanja na wauza mafuta, ili saini ziwepo kabla ya Machi. Waje na karatasi za uzito za ndege zao bila ya viti, maana ndizo zitakazoonesha nani anaweza nini. Na hapa Kisauni, upande wa mizigo, tunahitaji mzani wa sakafu wa tani 2 ulio chini ya paa. Wa sasa uko nje, na mvua ikinyesha hausomeki.

Wapakiaji na waandaaji wa safari,
Kisauni, Unguja